Mikebe sita ya boga, mzee ana sukari na mie nina presha, nipike nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Langoni, Lamu: "Assalam alaykum. Mwanangu anafanya kazi nyumba ya wageni kule Shela, wageni wa Kimarekani walipoondoka wakamwachia mikebe sita ya boga lililosagwa. Mume wangu ana sukari mwaka wa nane huu, na mie nina presha. Jirani aniambia vitu vya mkebe ni dawa tupu nivitupe, mwanangu naye ataka nimpikie maboga ya nazi. Nifanye nini na mikebe hii bila kutudhuru?"

Waalaykum salaam mamangu, shikamoo. Usitupe mkebe hata mmoja nakuomba, nimeliweka hilo mbele kabisa manake najua jirani akishatamka neno dawa vitu huishia jaani. Mimi kazi yangu ni lishe hapa Malindi na watu wa sukari ndio ninaokaa nao kila siku, na nkwambie ukweli, katika vitu vyote vya mkebe vinavyouzwa madukani boga ni katika vile vichache ambavyo nawaruhusu watu bila wasiwasi. Hilo la maboga ya nazi ya mwanao ntalirudia, manake hapo ndipo penye shida, na shida yenyewe si boga.

Kwanza mwite mwanao akusomee mkebe, mbele na nyuma. Kuna aina mbili na picha zake zafanana, zote zina boga la rangi ya machungwa. Moja imeandikwa "100% Pumpkin" au "Pure Pumpkin", na ukigeuza kule nyuma kwenye maandishi madogo ya vitu vilivyotiwa utaona neno moja tu, pumpkin, bas. Nyingine imeandikwa "Pumpkin Pie Mix" au "Pumpkin Pie Filling", hiyo imeshatiwa sukari na viungo tayari, ni ya kutengenezea ile pai Wamarekani wanayokula Novemba kwenye sikukuu yao ya Thanksgiving, na kalori zake kwa uzito ule ule zinafika karibu mara tatu ya boga tupu. Ukikuta ni hii ya pili mwambie mwanao airudishe Shela wapikie wageni wengine keki, kwa mzee haifai kabisa. Mimi kuanzia hapa naongea kuhusu ile ya kwanza.

Sasa hiyo dawa anayoisema jirani. Boga la mkebe hupikwa, husagwa, hutiwa mkebeni, mkebe unafungwa hewa isiingie alafu unapikwa tena kwa mvuke wa presha, moto mkali kuliko maji yanayochemka, kama nyuzi 121 hivi. Ni huo moto na kule kufungwa kunakolifanya likae miaka, hakuna haja ya kulitia dawa. Kwa hivyo jirani amekosea, ila asidharauliwe moja kwa moja, kuna mikebe ya kutupwa kweli. Mkebe uliofura, unaovuja, uliobonyea pale kwenye mshono, au ulioliwa na kutu mpaka ukiusugua kutu haitoki, huo tupa na usionje hata kwa ncha ya ulimi, manake kuna sumu ya bakteria inayoleta ugonjwa wa botulizimu, sumu hiyo haionekani, haina harufu wala ladha na inaua. Na Lamu wajua wenyewe hewa ya chumvi inavyopiga kutu vitu, mpaka bawaba za mlango zinaisha, kwa hivyo mikebe usiieke dirishani wala chini ukutani, ieke kabatini pakavu.

Ndani ya mkebe muna nini. Ule mkebe wa kawaida wa Kimarekani ni gramu 425. Wote mzima una kalori kama 145, wanga gramu kama 34 na kati ya hizo 12 hivi ni nyuzinyuzi, ambazo haziwi sukari mwilini na zinasaidia ile iliyobaki iingie damuni polepole. Linganisha na wali, kikombe kimoja tu cha wali uliopikwa kina wanga gramu kama 45. Yaani mzee akila mkebe mzima peke yake, na hatoumaliza, bado amekula wanga kidogo kuliko kikombe cha wali, na sote twajua hakuna mtu wa Lamu anayekula kikombe kimoja cha wali. Chumvi karibu haimo, kama haikuongezwa, hiyo ni habari njema kwako wewe wa presha, na madini ya potasiamu yamo mengi ambayo kwa watu wengi wa presha ni kheri. Vitamini A ndiyo usiseme, gramu 100, yaani chini ya nusu kikombe, zinamtosha mwanamke kwa siku nzima na kupita. Na haidhuru kuzidi kidogo, manake ile rangi ya machungwa mwili unaigeuza vitamini kwa kadiri unavyohitaji, ukila kwa wingi sana siku nyingi utaona viganja vimekuwa vya njano tu, ukipunguza vinarudi.

Ila ile rangi inataka mafuta kidogo ili mwili uichukue. Kidogo, nasema kijiko kimoja viwili vya chai kwa sahani, watu wakisikia "mafuta yanahitajika" wanafungua chupa.

Haya, maboga ya nazi. Naomba unisikilize vizuri hapa mamangu manake hapa ndipo nilipoanza kuwapoteza wagonjwa wangu, waniambia "daktari mimi nala maboga tu" na sukari iko juu, mpaka nilipoanza kuwauliza chungu kinapikwa vipi. Tupige hesabu. Tui la kasimele, lile zito la mkamuo wa kwanza, kikombe kimoja ni kalori kama 550, na mafuta yake mengi ni yale mazito yasomfaa mtu wa moyo na presha. Sukari kikombe kimoja ni kalori zaidi ya 750. Boga lenyewe mkebe mzima ni 145. Sasa niambie hapo nani mwenye chungu? Boga limekuwa mgeni kwenye chungu chake mwenyewe. Sisemi yaachwe, mimi nimelelewa kwa maboga ya nazi kila mwezi wa Ramadhani na siwezi kumwambia mtu wa pwani asiyale maisha yake yote, nasema tu yahesabiwe kama halua inavyohesabiwa, si kama mboga.

Tena kwa boga la mkebe hata hayafanyiki. Mwaka mmoja wifi yangu aliniletea mikebe miwili kutoka ng'ambo, nikasema futari ya leo rahisi, nikatia tui na iliki na sukari kidogo nikangoja. Boga la mkebe limeshapikwa, limeshasagwa, halina kipande hata kimoja cha kushika, lilitoka kama uji mzito na watoto wakalinywa kwa kikombe. Nikajifunza siku ile kwamba kitu hiki usikichukulie kama boga, kichukulie kama vile unavyochukulia nyanya ya kopo au tui, yaani ni kitu cha kutengenezea rojo la mchuzi. Ukishalipata hilo mikebe sita inakuwa michache.

Anza na mchuzi wa samaki, manake huu ndio unaomfaa mzee zaidi na najua Lamu samaki si tatizo. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kilainike kabisa kianze rangi, tia thomu na tangawizi ya kusaga, tia bizari ya mchuzi na manjano kidogo, koroga kidogo zisiungue. Hapo sasa tia nusu mkebe wa boga, likavu hivyo hivyo bila maji, na ulikaange dakika tano sita huku unalikoroga. Hii usiiruke. Boga la mkebe lina harufu fulani ya bati, wengine hawaisikii ila mimi naisikia, na kulikaanga kavu na viungo ndiko kunakoiondoa, rangi inakoza na utaona mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Alafu tia nyanya mbili za kukwaruza, maji vikombe viwili, ukwaju uliouchuja, pilipili nzima bila kuipasua, chumvi kidogo tu. Ikichemka na kuwa laini ndio utie samaki wako, changu au tafi au kipande cha nguru, uliyekwisha kumtia ndimu, na usimkoroge tena, tikisa sufuria tu. Dakika kumi kwa moto mdogo. Mchuzi unatoka mzito kama uliotiwa tui, na tui hukutia, ukiona moyo unakusuta mwishoni tia vijiko vitatu vya tui zito juu kwa ajili ya harufu, bas, hivyo vijiko vitatu si kikombe. Kwa kamba pia yafaa, ila kamba watie mwisho kabisa, dakika tatu nne wasiwe mpira.

Na badala ya chumvi ongeza ukwaju au ndimu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na hicho ni cha vyakula vyote vya siku nzima. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani tafadhali usivitie, ni chumvi iliyopewa jina lengine, boga limekuja safi halina chumvi alafu sisi tuliharibu wenyewe.

Mbaazi za nazi, hizi za kulia mahamri asubuhi. Chemsha mbaazi zako kama kawaida mpaka ziive, alafu badala ya lile tui zito ulilozoea kutia mara mbili weka boga vijiko vitano sita vikubwa pamoja na tui jepesi la mkamuo wa pili. Wallahi hakuna atakayejua kwa ladha, watakuuliza kuhusu rangi. Mahamri yenyewe siyasemi leo, hiyo ni vita ya siku nyengine.

Supu ya boga na adesi, zile kamande nyekundu, ni ya jioni wakati mtu hataki kula kizito. Kikombe kimoja cha adesi, nusu mkebe wa boga, kitunguu, thomu, bizari nzima kidogo, maji vikombe vitano, acha ziive mpaka zipasuke, ukipenda piga blenda ukipenda acha hivyo, dania na ndimu juu. Adesi zinaleta protini ambayo boga linayo kidogo tu, na hapa ndipo watu wengi wanaokula supu ya boga peke yake wanapokosea, wanashiba saa moja kisha njaa inarudi na mkono unakwenda kwenye mkate.

Chapati nazo zinakubali. Unga wa atta vikombe viwili, boga robo tatu kikombe, chumvi chembe, kanda kwanza kwa boga peke yake kabla hujatia maji manake boga lina maji yake, ongeza maji kwa kijiko tu unga ukiyahitaji. Zinatoka laini na njano. Lakini chapati ni chapati mamangu, mzee ale moja, na ipakwe mafuta kwa brashi isimiminiwe.

Uji wa wimbi wa asubuhi, vijiko vitatu vya boga, iliki na mdalasini, utamu unajitokeza wenyewe na sukari hutaitamani sana. Ukishindwa ponda tende moja. Moja kwa sufuria.

Huku Malindi tuna Wataliano wengi na wao boga hawalichezei, kuna mji wao mmoja unaitwa Mantova wanafunga boga ndani ya tambi kama sisi tunavyofunga sambusa. Mimi nilichochukua kwao ni kirahisi, thomu mbili tatu kwenye mafuta ya zeituni kijiko kimoja, nusu kikombe cha boga, maji kidogo yale uliyochemshia tambi, pilipili manga, unachanganya na tambi. Mwanao akitoka kazini Shela amechoka anaweza kujipikia dakika kumi na tano. Kwa mzee tambi ziwe chache na boga liwe jingi, na kando yake awe na kachumbari na kipande cha samaki.

Na mwanao bado ataka tamu, najua. Mpikie hivi. Boga nusu mkebe, tui jepesi kikombe kimoja, tende nne umezitoa kokwa ukazirowesha na kuziponda, iliki, chembe ya chumvi, moto mdogo ukikoroga mpaka liwe zito la kuchota kwa kijiko, alafu lieke frijini lipoe kabisa. Likiwa baridi linakuwa tamu zaidi kuliko likiwa moto, sijui kwa nini ila ndivyo. Ligawanye kwa watu wanne. Mzee naye apate bakuli dogo siku mojamoja, baada ya chakula na si kwa tumbo tupu, na siku hiyo wali upunguzwe. Njia nyengine ni maziwa lala yasiyotiwa sukari, unachanganya boga vijiko viwili na mdalasini, hii mimi naila karibu kila siku mikebe ikiwapo.

Ukiufungua mkebe usiliache boga likakaa humo humo, mimina kwenye bakuli la gilasi lenye kifuniko, frijini linakaa siku tatu nne. Kwa vile hakuna pishi hapa linalomaliza mkebe mzima, lile linalobaki ligandishe, tia kwenye vile vitrei vya barafu, vikishaganda vitoe uvitie mfukoni, linakaa vizuri miezi mitatu hivi, na kila siku unachukua vipande viwili kwa uji au zaidi kwa mchuzi. Stima zikikatika muda mrefu na vimeyeyuka vikapata joto usivigandishe tena. Na usije ukaona mikebe imeisha ukachemsha boga bichi la shambani kutoka Mpeketoni ukalisaga ukalifunga chupani ukalieka kabatini kama achari. Achari ina siki na chumvi na ukali wa ndimu, boga halina ukali wowote na ile bakteria niliyoisema mwanzo inapenda mahali kama hapo, hata wataalamu wa Marekani wanaofundisha watu kufunga vyakula nyumbani wanakataza kabisa boga lililosagwa. La Mpeketoni likija mashua ikishusha wewe lichemshe kwa mvuke, liponde, lichuje maji kwa kitambaa, ligandishe. Kwa lishe halina upungufu, na mkebe hauna mbegu za kukaanga wala majani ya kupika, boga zima linayo, ukiniuliza mimi nikiwa na pesa yangu ya kununua nanunua la Mpeketoni, mkebe naupokea ukiwa wa bure kama wenu.

Kuna mawili ya dawa nataka nikwambie. Kuna watu wanazungusha maneno kwamba boga linatibu sukari. Halitibu. Ni chakula kizuri kwa mtu wa sukari, hiyo ndiyo nafasi yake, na mzee asiache kidonge hata kimoja kwa sababu ya mchuzi wangu. La pili ni ile potasiamu niliyoisifu. Kama mmoja wenu ameshaambiwa figo zina tatizo, na sukari ya miaka minane ni vizuri figo zipimwe kama hazijapimwa, au kama dawa yako ya presha ni katika zile zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, basi usianze kula boga kila siku kabla hujauliza. Peleka pakiti ya dawa kwa daktari au mfamasia umuulize swali hilo moja, atakujibu papo hapo. Kama figo ni nzima na dawa hazina shida, kula.

Na mzee kama ana kile kimashine cha kupimia, naomba mfanye hivi wiki ya kwanza. Siku ya mchuzi wa samaki na boga apime kabla ya kula, alafu apime tena masaa mawili tangu aanze kula. Kwa wengi wa umri wake tunataka ile ya pili iwe chini ya 10, kwa mashine inayosoma kwa mmol/L. Siku nyengine ale mchuzi wake wa nazi wa kawaida kwa wali kiasi kile kile, apime vile vile. Uniandikie namba zote nne na kiasi cha wali alichokula, kwa vijiko, usiniandikie "kidogo".